Motokaa Inayokataa Kuwaka Ikiwa Moto

Katika fizikia twajifunza habari za joto, mvuke na umeme, na pengine mwanafunzi hujiuliza mambo hayo yatumika wapi nje ya darasa. Makala hii yaonyesha mahali pamoja, napo ni chini ya boneti ya motokaa ya zamani. Somo lenyewe ni hili: gari linalokataa kuwaka likiwa moto lazima lipimwe lingali moto. Likisha kupoa, ugonjwa hujificha, na fundi hubaki kubahatisha kwa fedha za mwenye gari.

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, gari la mbio lililotengenezwa Japani. Gari la aina hii lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Injini yake ina silinda sita na kabureta mbili, nazo kabureta zimekaa upande ule ule zitokeapo bomba za moshi. Kiwandani waliweka bamba la chuma katikati ili kukinga joto. Lakini wapenda mbio wengine huondoa bamba hilo, hufunga bomba nyingine za moshi, na hutia kabureta kubwa zaidi. Gari hupata nguvu, na kabureta hupata joto.

Sasa tuseme gari kama hilo latoka Kasese saa saba mchana kwenda Bwera, mwendo wa yapata kilomita 50. Barabara yapita katika uwanda wa joto chini ya milima ya Rwenzori, yafika Kikorongo karibu na Ikweta, kisha yageuka kuelekea mpaka wa Kongo. Dereva akisimama dakika mbili tu, gari lawaka tena. Akisimama dakika 20, lakataa. Akingoja saa nzima, lawaka kana kwamba halikuwa na neno. Kwa nini?

Watu wengi hudhani kwamba injini huanza kupoa mara inapozimwa. Sivyo. Injini ikizimwa, feni husimama, maji hayazunguki tena, na upepo wa mwendo hukoma. Lakini chuma cha bomba za moshi kingali na moto mkali, na joto lake hupanda juu. Kwa hiyo kabureta huzidi kupata moto kwa muda wa dakika 15 au zaidi baada ya gari kusimama, ndipo huanza kupoa.

Tena petroli haichemki kwa kiwango kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa mafuta mengi, na yaliyo mepesi huanza kuchemka kwenye digrii 35 au 40 hivi za Sentigredi. Uwanda wa Kasese nao uko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,000, na huku hewa hukandamiza kidogo kuliko pwani. Maji yenyewe huchemka kwenye digrii 97 hivi. Basi petroli nayo huchemka huku mapema kuliko Mombasa.

Hata hivyo tusiilaumu petroli kabla ya kupima. Fuata vipimo hivi kwa taratibu, gari lingali moto.

Kipimo cha kwanza: stata. Washa na usikilize. Injini ikizunguka upesi kama kawaida, stata ni nzima. Ikizunguka kwa uzito, au ukisikia mlio mmoja tu kisha kimya, tazama betri, nyaya na stata. Waya wa shaba, madini yale yale yaliyochimbwa Kilembe, hupitisha umeme kwa shida zaidi ukipata joto. Kutoka digrii 20 mpaka 100 ukinzani wake huongezeka kwa karibu theluthi moja. Kiungo chenye kutu huzidisha taabu hiyo.

Kipimo cha pili: pua. Fungua boneti, unuse. Harufu kali ya petroli yaonyesha kwamba imechemka ndani ya kabureta na kumwagikia njia ya hewa, hata injini imelewa. Angalia kwanza kwamba petroli haivuji nje. Ikivuja, usiwashe kabisa. Kama haivuji, ngoja harufu ipungue, kisha kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini na uishikilie hapo huku ukizungusha stata. Usikanyage na kuachia mara nyingi, maana kabureta nyingi kila ukikanyaga huongeza petroli. Kama hakuna harufu hata kidogo, yawezekana petroli haifiki, kwa kuwa mvuke umejaa bombani. Funika bomba na pampu ya petroli kwa kitambaa chenye maji baridi. Gari likiwaka baada ya hapo, umepata jibu.

Kipimo cha tatu: cheche. Usikifanye kama harufu ya petroli ingalipo. Chukua plagi ya akiba, ichomeke katika waya wa plagi, ukifunge chuma chake penye chuma cha injini mbali na kabureta, na mwenzako azungushe stata. Cheche ya buluu yenye nguvu ni dalili njema. Ikiwa haipo, au ni hafifu ya manjano, tazama koili na kondensa, maana vitu hivi huweza kufa kwa joto na kufufuka vikipoa.

Ugonjwa ukijulikana, tiba ni nyepesi. Kwa mvuke, rudisha bamba la kukinga joto, na bomba la petroli lipite mbali na moshi. Pampu iliyo kwenye injini huvuta petroli kutoka nyuma, na kuvuta hupunguza kani, hata petroli ichemke upesi. Pampu ya umeme iliyowekwa karibu na tangi huisukuma, na kani ikizidi, kuchemka huchelewa.

Haya si mchezo. Sehemu ya barabara hiyo yapita katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, na tembo na nyati huvuka. Gari lililokwama huko jioni si mahali pa kushuka na kufungua boneti. Basi pima mjini Kasese, mchana, kabla ya safari. Wala usifungue kifuniko cha rejeta kingali moto, maana maji yake huruka na kuunguza.

Maswali:
1. Kwa nini gari lililosimama dakika mbili huwaka, na lililosimama dakika 20 hukataa?
2. Kwa nini pampu inayosukuma ni bora kuliko inayovuta penye joto?
3. Fundi amepewa gari likiwa limepoa, naye ataka kubadili koili mara moja. Utamwambia nini?