Majadiliano ya Wanafunzi kwa Barua Pepe: Namna ya Kuyaanzisha na Kuyaendesha

Orodha ya majadiliano ni mpango ambao anwani moja ya barua pepe husimama badala ya anwani za wanachama wote, hivi kwamba barua ikitumwa hapo, programu huinakili na kumfikishia kila mmoja bila mtumaji kuandika majina ya wenzake. Kazi ya kuwaandikisha na kuwaondoa wanachama, ambayo awali ilifanywa kwa mkono, ilikabidhiwa programu mwaka 1986, Eric Thomas, aliyekuwa mwanafunzi jijini Paris, alipoandika LISTSERV. Na katika miaka ya 1990 Watanzania wa ughaibuni walijadiliana habari za nyumbani kwa njia hiyo kupitia Tanzanet.

Manufaa ya mpango huu huonekana zaidi kwa mwanafunzi aliye mbali na wenzake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kina kituo cha mkoa Songea, lakini mwalimu anayefundisha Kihagara, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, hawezi kufunga safari kila wenzake wanapokutana kwa majadiliano. Barua ya maandishi matupu hula bando kidogo tu, tena humngoja mpokeaji hadi simu yake ishike mtandao. Kundi la WhatsApp lina wepesi wake, ila aliyekosa mtandao siku mbili hukuta rundo la jumbe, swali la somo likiwa limezama kati ya salamu, pongezi na taarifa za misiba.

Kuanzisha

Mwanafunzi mmoja hufungua kundi, kwa mfano katika Google Groups, akawaalika wenzake na kuwa msimamizi, yaani mwenye mamlaka ya kupokea wanachama na kuzuia barua zisizofaa. Inafaa wawepo wasimamizi wawili, ili kundi lisikwame mmoja anapougua au kuhitimu. Kila mwanachama huchagua namna ya kupokea barua: moja moja zinapotumwa, au kwa mafungu ya hadi barua 25 kwa pamoja, utaratibu unaomfaa asiyeingia mtandaoni kila siku.

Kuandika na kujibu

Mada, yaani mstari mfupi unaotangulia barua, ndiyo inayoyafunga majibu katika mfululizo mmoja, kwa hiyo haifai kuandikwa “Swali” au “Msaada” tu. Mada isemayo “Historia: kwa nini Wangoni waliingia Vita vya Majimaji?” humwezesha hata aliyechelewa kuufuata mjadala tangu mwanzo, akaona ni nani aliyetaja watu walionyongwa Songea Februari 1906 na ni hoja gani aliyoijenga juu ya tukio hilo. Mwanachama akitaka kuuliza habari za ada, hana budi kuanzisha barua mpya, kwa sababu akilibandika swali lake chini ya Majimaji, wanaojua jibu huenda wasilifungue kamwe.

Anayejibu hubakiza sentensi anazozijibu tu na kufuta maandishi mengine yaliyonukuliwa, kisha huandika jibu lake chini ya sentensi hizo. Kabla ya kutuma, hutazama anwani ya mpokeaji, kwa kuwa katika orodha nyingine kitufe cha “Jibu” hupeleka barua kwa wote na katika nyingine kwa mwandishi peke yake. Maneno ya faragha yamewahi kusomwa na darasa zima kwa kosa dogo kama hilo. Vilevile, ombi la kujitoa hupelekwa kwenye anwani ya usimamizi, si kwenye anwani ya majadiliano.

Kuhifadhi

Barua zote hubaki katika hifadhi ya kundi, ambako mwanachama hutafuta kwa neno analolikumbuka. Hata hivyo, hifadhi haiwi ya maana ikiwa watu wawili watatu ndio wanaoandika na wengine wanasoma kimyakimya. Kwa sababu hiyo, makundi yanayodumu hugawana zamu, ambapo kila wiki mmoja huuliza swali na mwingine, mjadala ukiisha, huandika muhtasari wa hoja zilizokubaliwa na zilizobaki na utata, na ni mihtasari hiyo inayopitiwa kwanza mitihani inapokaribia.