Nambari Mpya za Magonjwa: Kazi Huanza kwa Kalamu ya Daktari

Mgonjwa wangu mmoja wa shinikizo la damu alirudi kliniki akiwa amekasirika. Kampuni ya bima ilikuwa imekataa kumlipia. Tulipofungua faili tuligundua kosa. Nilikuwa nimeandika I10, yaani herufi I na kumi, ambayo ni nambari ya ugonjwa huo. Karani akasoma mia moja na kumi. Lawama ilikuwa ya mwandiko wangu.

Nambari hizo hutolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Orodha ya kumi, ICD-10, ilipitishwa mwaka wa 1990. Ya kumi na moja ilipitishwa Mei 2019 na kuanza rasmi Januari 1, 2022, ingawa kila nchi huhamia kwa wakati wake. Katika orodha mpya shinikizo la damu ni BA00, na kisukari cha aina ya pili, kilichokuwa E11, sasa ni 5A11. Herufi I na O zimeachwa ili zisichanganywe na moja na sufuri. Laiti wangefanya hivyo mapema!

Daktari mwenye kliniki asikimbilie kununua kompyuta mpya. Kwanza achukue daftari la wagonjwa la miezi mitatu, atoe magonjwa ishirini yanayojirudia zaidi, kisha aketi na muuguzi na karani watafute nambari mpya za magonjwa hayo. WHO imeiweka orodha yote kwenye intaneti bila malipo. Kwa wiki chache waandike nambari zote mbili, ya zamani na mpya.

Hapo ndipo aibu hujitokeza. Katika daftari letu neno "malaria" lilijaa kila ukurasa, basi. Malaria gani? Ile iliyopimwa na kuthibitishwa kuwa ya falciparum ni 1F40. Ambayo haikuthibitishwa kwa kipimo ni 1F45. Homa tu, ambayo chanzo chake hakijulikani, ni MG26. Hata orodha ya zamani ilitenganisha B50 na B54, lakini wengi wetu hatukujali. Karani hawezi kutuchagulia, kwani hakuwa chumbani mgonjwa alipopimwa. Akibahatisha, mtoto mwenye nimonia atahesabiwa kuwa wa malaria, na dawa zitaagizwa kwa hesabu hiyo.

Nawe msomaji, kabla ya kutoka kwa daktari, uliza jina kamili la ugonjwa wako na kama umethibitishwa kwa kipimo. Mwombe aliandike kwenye kadi yako, kwa herufi zinazosomeka.