Oili Inayotoweka Bila Kuvuja

GMC Motorhome, gari-nyumba lililotengenezwa Marekani kati ya miaka ya 1973 na 1978, lina giaboksi ya otomatiki yenye gia 3 za mbele. Tuseme kijiti cha kupimia, kilichochomolewa gari likiwa limesimama na injini ya moto ikizunguka polepole, chaonyesha kuwa oili imepungua, lakini chini ya gari hapana hata tone. Imekwenda wapi?

Aghalabu jibu limo katika kopo dogo liitwalo modyuleta. Ndani yake mna kiwambo ambacho upande wake mmoja huvutwa na ombwe la injini kupitia bomba jembamba la mpira. Dereva akanyagapo mafuta, ombwe hupungua, nayo giaboksi huongeza shinikizo la oili ili klachi zisiteleze. Kiwambo kikitoboka, injini huinyonya oili na kuichoma: moshi mweupe hutoka ekzosini, na gia hubadilika kwa kuchelewa na kwa kishindo. Fundi achomoe bomba lile. Akikuta limelowa oili, modyuleta ibadilishwe, nacho ni kipuri cha bei ndogo mno kikilinganishwa na giaboksi nzima. Akijaza oili tu, itapungua tena, pampu itavuta hewa, na klachi zitaungua mlimani. Hapo oili nyekundu hugeuka kahawia na kunuka kuungua.