Kabla Hujainua Kamera: Kupiga Picha Pamoja na Wanawake Wasio na Makazi, Horohoro

Kijitabu hiki ni cha wapiga picha, maofisa wa mashirika na viongozi wa vitongoji. Ni cha akina mama wenyewe pia. Asiyejua kusoma asomewe.

Mwanamke hupoteza makazi kwa njia nyingi. Mume hufariki, ndugu zake wakachukua nyumba. Ndoa huvunjika, akatoka na mtoto mgongoni na furushi la nguo. Mwingine huja hapa mpakani mwa Tanzania na Kenya kutafuta riziki, mtaji ukakata, akaishia kulala barazani kwa watu. Wajane wawili wa Shinyanga waliotolewa na wakwe kwenye nyumba zao walifikisha malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati ya mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Uamuzi uliwataja kwa herufi tu: E.S. na S.C. Jambo lao lilieleweka, na sitara yao ikabaki. Wanaoamini kwamba pasipo uso wenye machozi hakuna atakayeguswa wanakosea.

Kitufe kiwe mkononi mwake

Picha tulizozoea hupigwa na mgeni aliyesimama, akimwinamia mama aliyeketi chini. Ipo njia nyingine. Kuanzia 2002 jijini London, mpiga picha Anthony Luvera alifanya kazi na watu wasio na makazi katika mradi alioupa jina Assisted Self-Portraits. Aliwafundisha kutumia kamera kubwa ya stendi, taa ya mkononi na waya wa kufyatulia. Mhusika alijipiga mwenyewe, kisha wakachagua pamoja picha ya kuonyeshwa. Karibu na kwetu, mwaka 1997, vijana wa Mathare jijini Nairobi walipewa kamera za bei nafuu katika mradi wa Shootback, wakapiga picha za maisha yao kwa macho yao.

Horohoro simu moja na stendi vinatosha. Simu nyingi zina kipima muda. Siku ya kwanza usipige chochote. Mwachie simu ajipige, acheke, afute. Muulize anataka aonekane vipi: akiwa na beseni lake la biashara, au mikono tu ikisuka ukili? Akija amejipamba, amepaka wanja na kujifunga kanga yake nzuri, apigwe hivyo hivyo. Kumwambia avae nguo chakavu ili wafadhili waone dhiki ni kumdhalilisha, na tunasema hivyo bila kumumunya maneno.

Picha huvuka mpaka

Kutoka hapa hadi Lunga Lunga, upande wa Kenya, ni mwendo mfupi, na WhatsApp haisimami forodhani. Mama aliyemkimbia mume anayempiga anaweza kupatikana kwa sababu ya bango la gesti lililoonekana nyuma yake, au sare ya shule ya mtoto. Chagueni ukuta mtupu au kivuli cha mti. Zima huduma ya mahali kwenye simu. Mtoto asionekane sura. Eneo la kituo cha mpaka lisipigwe picha bila kibali.

Ridhaa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Mweleze picha ni ya nini, itaonekana wapi, na nani ataitunza. Ridhaa inayoombwa mbele ya mfuko wa unga si ridhaa, kwa kuwa mwenye njaa atakubali lolote. Msaada utolewe kwanza, picha iwe siku nyingine, na aliyekataa apate sawa na wenzake. Mtendaji wala mwenyekiti hawezi kuridhia kwa niaba yake. Dada au shoga anayemwamini anaweza kukaa naye wakati wa mazungumzo.

Andikeni pia picha ni mali ya nani, na ikiuzwa fedha zitagawanywaje. Msingoje mnunuzi atokee ndipo mjadiliane. Mama apewe nakala iliyosafishwa kwenye karatasi, maana simu huuzwa na huibiwa.

Akibadili nia baadaye, picha iondolewe kwenye kurasa na maonyesho. Iliyokwisha kuchapwa kitabuni au kusambazwa kwenye simu za watu hairudi, na hili aambiwe kabla hajabonyeza. Akipuuzwa, anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Shirika lililompiga picha limwachie kwa maandishi jina la ofisa na namba ya simu ya kuanzia.