Kabla Hujaweka Sahihi: Maneno ya Kiingereza Yanayoamua Utalipwa Lini

Leo tunaingia darasani kidogo. Wengi wenu mnapokea malipo ya maana kwa simu: ya mahindi pale Kitale, ya mboga na ndizi pale Chwele, ya lori linalobeba mzigo hadi Bungoma. Bei mnapatana kwa Kiswahili ama Kibukusu, mnacheka, mnashikana mikono. Halafu mkataba unaletwa, na umeandikwa kwa Kiingereza. Hapo watu hunyamaza, na swali linabaki moja tu: "Niweke sahihi wapi?"

Tutumie mfano. Tuseme wewe ni mkulima wa Kitale. Unauzia kampuni ya unga ya Bungoma magunia 100 ya kilo 90, kila gunia Sh3,500. Jumla ni Sh350,000. Karatasi inasema hivi:

"The Buyer shall pay a deposit of 30 per cent. The balance shall be paid within 30 days of acceptance, subject to inspection."

Ni sentensi mbili tu, lakini pesa yako yote imo humo. Tuzifungue neno kwa neno.

1. "Shall" ni lazima. Ukiona "may" mahali pake, jua ni hiari: mnunuzi akitaka atalipa arubuni, asipotaka basi.

2. "Deposit" ni arubuni. Hapa ni Sh105,000. Angalia kama imeandikwa "refundable", yaani inarudishwa, au "non-refundable", yaani hairudi hata mnunuzi akibadilisha nia.

3. "Balance" ni salio, na hapa ni Sh245,000. Usilichanganye na "balance" unayoangalia kwenye simu. Ile ya simu ni pesa uliyo nayo; hii ya mkataba ni pesa ambayo bado unadai.

4. "Acceptance" ndilo neno la kuchunga sana. Si sawa na "delivery". "Delivery" ni siku lori linaposhusha mzigo. "Acceptance" ni siku mnunuzi anaposema ameukubali. Mahindi yanaweza kufika Bungoma tarehe 2, yakubaliwe tarehe 20, na siku 30 zianze kuhesabiwa hapo. Wewe ulipanga karo na mbolea kwa hesabu ya tarehe 2!

5. "Subject to inspection" maana yake ni mradi mzigo upite ukaguzi. Kwa mahindi, swali la kwanza huwa unyevu, na kiwango kinachokubalika ni usiozidi asilimia 13.5. Uliza: nani atapima, wapi, na kwa mashine ya nani? Ikiwezekana, pimeni pamoja Kitale kabla lori halijaondoka.

Sasa, utasemaje?

Kujadiliana si ugomvi. Sentensi hizi ni za heshima na zinaeleweka:

- "I need time to read this before I sign." Nahitaji muda wa kusoma kabla ya kuweka sahihi.
- "Can we change 'acceptance' to 'delivery'?" Tunaweza kubadilisha siku ya kukubali iwe siku ya kufikisha mzigo?
- "Please add that inspection will be done within 24 hours, in my presence." Tafadhali ongeza kwamba ukaguzi utafanywa ndani ya saa 24, nami nikiwepo.
- "Could you raise the deposit to 40 per cent?" Unaweza kupandisha arubuni hadi asilimia 40? Hiyo ni Sh140,000 mkononi kabla mzigo haujatoka.

Mkikubaliana mabadiliko, yaandikwe kwenye karatasi yenyewe na nyote mtie sahihi kando yake. Ahadi ya mdomo husahaulika haraka.

Arubuni ina nguvu kisheria

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inasema mkataba wa bidhaa za Sh200 kwenda juu hauwezi kutekelezwa mahakamani mpaka moja ya haya liwepo: mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa arubuni ama sehemu ya malipo, au kuna maandishi yenye sahihi ya anayedaiwa. Kwa hivyo usifute ujumbe wa malipo. Unaonyesha nani alilipa, kiasi gani na lini. Hauonyeshi ni ya nini, basi mtumie mnunuzi SMS papo hapo: "Nimepokea Sh105,000, arubuni ya magunia 100 ya mahindi."

Mambo yakiharibika, neno la kutafuta ni "breach", yaani kuvunja mkataba. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Zoezi la leo: toa mkataba wowote ulio nao nyumbani, tafuta "within", kisha usome neno linalofuata idadi ya siku. Ni "delivery" ama "acceptance"? Kama hulielewi, muulize mtu kabla ya mzigo unaofuata.

Na kumbuka, hakuna mkataba unaohitaji PIN yako. Tuonane somo lijalo!