Oksijeni Iliyojificha Katika Mafuta ya Ndege

Mwanafunzi akiulizwa ni vitu gani vihitajikavyo ili moto uwake, hujibu mara moja: kitu cha kuungua, oksijeni na joto. Jibu ni sahihi, ila humfanya adhani kwamba oksijeni hukaa hewani tu, nje ya mafuta. Sivyo. Mafuta ya injini za jeti, ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, kama maji ya mto yalivyo na hewa wanayoivuta samaki.

Kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hulingana na mgandamizo wa gesi hiyo juu yake. Hiyo ndiyo Kanuni ya Henry, na chupa ya soda huidhihirisha: kizibo kikifunguliwa mgandamizo hushuka, gesi ikatoka kwa mapovu. Ndege ipaapo hufunguliwa kizibo polepole. Katika kimo cha meta 11,000 mgandamizo wa hewa haufiki robo ya ule wa pwani, na kwa kuwa tangi lina njia ya kupumulia, hewa iliyoyeyuka hutoka katika mafuta na kukusanyika juu yake.

Lakini gesi hiyo si hewa ya kawaida. Oksijeni huyeyuka katika mafuta hayo karibu mara mbili kuliko naitrojeni. Mwalimu na aandike ubaoni: 21 mara 2 ni 42, tukijumlisha 79 za naitrojeni twapata 121. Basi oksijeni ni 42 katika 121, yaani karibu asilimia 35.

Hata hewa ya kawaida inatosha kuleta maafa. Tarehe 17 Julai 1996 ndege ya Boeing 747 ya shirika la TWA ililipuka karibu na New York, wakafa watu wote 230. Wachunguzi walieleza kuwa mvuke wa mafuta na hewa ulilipuka katika tangi la katikati, lililokuwa karibu tupu na limepashwa joto na mitambo ya kupoza hewa iliyo chini yake. Mwaka 2008 Marekani ilitoa kanuni za kupunguza hatari hiyo. Njia iliyoenea ni kupitisha hewa katika nyuzi nyembamba zenye uwazi; oksijeni hupenya kuta zake upesi zaidi, na gesi ibakiayo, yenye naitrojeni nyingi, huingizwa tangini.

Hata hivyo, mafuta yasiyosafishwa yataendelea kutoa oksijeni yake humo. Dawa ni kupuliza mapovu ya naitrojeni ndani ya mafuta: povu halina oksijeni, hivyo oksijeni iliyoyeyuka huingia humo na kuchukuliwa.

Kuna sababu ya pili. Mafuta hutumika pia kupoza oili ya injini. Yakifikia nyuzi 150 za Selsiasi hivi, oksijeni iliyomo hushambulia molekuli zake, zikafanya utomvu, kisha ukoko mweusi unaoziba vitundu vya kunyunyizia mafuta. Yote hayo hufanywa na miligramu 70 hivi kwa kilo moja! Ndege iliyojaza kilo 50,000 ina kilo 3.5 za oksijeni hiyo.

Darasani, pasheni maji ya bomba katika bika na mtazame mapovu madogo yanayoganda ukutani muda mrefu kabla maji hayajachemka. Hiyo ni hewa, si mvuke. Jaribio hili lifanywe kwa maji pekee. Mafuta ya taa yasisogezwe karibu na moto.