Kiwanja cha nyasi bandia uani: vidokezo 8 kabla hujamwita fundi

Viwanja vya soka vya Kaitaba, Bukoba, na Nyamagana, Mwanza, vina nyasi bandia, na sasa wapo wanaozitaka uani kwao, Dar es Salaam. Wazo ni zuri: watoto wanacheza ukiwaona, na mvua ikikatika mpira unaendelea bila tope. Tatizo ni kwamba wengi huanza kwa kuuliza bei ya nyasi kwa mita, wakati kinachoamua uhai wa kiwanja kimefukiwa chini yake. Bajeti yako ianzie huko.

1. Amua mchezo kwanza

Padeli, mchezo wa raketi kama tenisi, inataka mita 20 kwa 10. Tenisi ya wawili wawili ni mita 23.77 kwa 10.97, na hapo ni mistari tu, hujatoa nafasi ya kukimbilia mpira. Kwa soka la watoto, mita 20 kwa 10 ni raha tupu, na hata 12 kwa 6 inatosha ukiweka magoli madogo. Mpenzi wa kikapu, baki na sakafu ya zege; kwenye nyasi ndefu mpira haudundi. Vyovyote utakavyochagua, usibane mistari hadi ukutani.

2. Tafuta chemba kabla hujatafuta nyasi

Nyumba nyingi zina shimo la maji taka na chemba zake uani. Ukizifunika, siku shimo likijaa utakuwa unachana nyasi kwa kisu huku gari la kunyonya maji taka likinguruma getini. Zitie chemba alama ya chokaa, pamoja na mabomba na tangi la chini ya ardhi, kisha sogeza kiwanja. Ikishindikana, mfuniko uinuliwe usawa wa kokoto na kipande cha nyasi cha juu yake kikatwe peke yake, kisigundishwe. Mashine ya kushindilia isipite juu ya mfuniko.

3. Pesa izike chini

Ondoa udongo wa juu sentimita 15 hadi 20, na mizizi yote. Kama ni mfinyanzi mweusi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, chimba zaidi na ujaze moramu. Tandaza kitambaa cha jiotekstaili ili udongo na kokoto visichanganyike, kisha mwaga kokoto kwa matabaka, kila moja lishindiliwe kabla ya linalofuata. Juu malizia na vumbi la kokoto, na pembeni funga kwa kingo za zege. Kwa mita 20 kwa 10, tabaka la sentimita 15 ni mita za ujazo 30 likiwa limeshindiliwa, kwa hiyo agiza zaidi ya hapo. Fundi akisema mchanga mtupu unatosha, mshukuru na utafute mwingine.

4. Maji yaonyeshwe njia

Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha: mchezaji hausikii, maji yanausikia. Kwenye upana wa mita 10, katikati pawe juu kwa sentimita 5 kuliko kila upande. Vuta uzi, weka pima maji, usikubali macho ya fundi. Kisha fungulia mpira wa maji sehemu mbalimbali kabla nyasi hazijatandikwa. Penye dimbwi leo, masika yatafanya bwawa. Na mfereji usiishie kwa jirani.

5. Panga majora kwenye karatasi

Nyasi huja kwa majora, mengi yakiwa na upana wa mita 4. Chukua kiwanja chetu cha mita 20 kwa 10. Ukilaza majora kwa urefu, unahitaji matatu ya mita 20, yaani mita za mraba 240, na 40 zinaishia kuwa vipande. Ukilaza kwa upana, matano ya mita 10 yanafunika 200 sawasawa. Maungio ni yaleyale, mita 40, kwa njia zote mbili. Kalamu imekuokolea hela. Hakikisha majora yote yameelekeza majani upande mmoja, la sivyo kiwanja kitaonekana na mabaka.

6. Urefu wa jani ufuate mchezo

Padeli hutaka jani fupi, milimita 10 hadi 15. Soka hutumia milimita 40 hadi 60, na hizo hujazwa mchanga wa silika na mara nyingi chembe za mpira, ili majani yasimame na mguu usiumie. Chembe hizo hupeperuka na kusombwa na maji. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha kuzipiga marufuku sokoni, ukitoa muda hadi 2031. Kwa uwanja wa nyumbani, ulizia mbadala kama chembe za kizibo (cork) au makumbi ya nazi.

7. Liogope jua la saa saba

Nyasi bandia hushika joto kuliko za kawaida, na kwenye jua kali zinaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Watoto wacheze asubuhi na jioni, tena na viatu. Kumwagia maji kunapoza, ila si kwa muda mrefu. Kivuli cha mwembe ni kizuri mradi usiwe juu kabisa ya kiwanja, maana majani na utomvu vitakupa kazi ya kila siku. Jiko la mkaa likae mbali: cheche moja, tundu moja.

8. Chagua msimu, nunua ufagio

Gundi inataka pakavu, kwa hiyo Juni hadi Septemba ni wakati mzuri wa kazi Dar. Baadaye piga nyasi brashi ngumu kila wiki, kinyume na zilivyolala, na ongeza mchanga unapopungua. Weka neti ndefu upande wa jirani, taa zielekee chini, na mkubaliane saa ya kuzizima. Mkiwa mnaelewana, mpira ukivuka utarudishwa.